Betri Mpya, Ubongo wa Zamani

Katika mji mzima hapakuwa na dereva wa kumfikia Bi Mkunga. Miaka arobaini kwenye usukani, usiku na mchana, mvua na jua, na hakuwahi kugonga kitu hata kimoja. Ukiacha geti la zahanati. Na pipa la maji la jirani, ambalo hata hivyo lilikuwa limekaa vibaya. Yule mbuzi hatumhesabu, maana mbuzi ndiye aliyeligonga gari.

Alikuwa amestaafu miaka sita sasa, lakini jina la Bi Mkunga halikustaafu naye. Nusu ya watu waliomwamkia sokoni aliwahi kuwashika wakiwa wanateleza kama sabuni, hawana nguo wala adabu, na alipenda kuwakumbusha hivyo, hasa akiwakuta wameandamana na wachumba.

Gari lake lilikuwa la umeme, dogo, la kijani kilichopauka kama dawa ya kikohozi. Lilikuwa limezeeka. Na gari la umeme halizeeki kama mengine: halikohoi, halitoi moshi, halivuji mafuta uani. Linazeeka kama watu wenye heshima zao. Kwa nje liko vile vile, ila haliwezi tena kwenda mbali. Lilipokuwa na nguvu zake, ukilijaza umeme lilikwenda kilomita mia na ishirini. Baadaye likawa la mia. Kisha sabini. Mwaka huu ukilichaji mpaka likatosheka, dashibodi ilikuandikia thelathini na nne, na ukigusa tu kitufe cha feni ilipunguza mbili kabla hujatoka getini.

Thelathini na nne zilitosha kwenda sokoni, dukani na kwenye maziko. Hazikutosha kufika kwa Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao, na alikaa ng'ambo ya mlima, kilomita arobaini na tano kutoka mlangoni hadi mlangoni. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka jana. Mfupa uliunga, lakini kuinama kukawa kumekwisha, na sasa aliishi na fimbo, na jirani aliyemfulia, na simu. Kila jioni walipigiana. Kitinda hakuwa mtu wa kulia, alikuwa mtu wa mizaha, kwa hiyo alimwambia dadake kwa mzaha kwamba vidole vyake vya miguu vimehama. Anaviona kwa mbali, anavipungia mkono, lakini havifikii. Kucha zake sasa zingeweza kupanda ukuta. Jirani alijitolea kumkata, akamwambia asante. Mtu amekufulia shuka, bado umpe na miguu yako?

Bi Mkunga alicheka kwenye simu. Alipoikata hakucheka tena. Alikuwa na mkasi mmoja, mfupi, wenye ncha butu, uliokata vitovu vya watoto mia kadhaa, na aliujua ungefaa kazi hiyo kuliko wote duniani. Tatizo lilikuwa kilomita kumi na moja.

Angeweza kupelekwa, ni kweli. Mwanawe alikuwa na gari la petroli. Mwanawe alifundisha hesabu sekondari na hata nyumbani waliishia kumwita Mwalimu, maana hakuwahi kukuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni. Alikuwa mtoto mzuri. Kila mwezi aliahidi kumpeleka mama kwa mama mdogo, na kila mwezi kulikuwa na mitihani, au kusahihisha mitihani, au mkutano wa kujadili kwa nini mitihani ilikuwa mibaya. Lakini kosa halikuwa la mitihani peke yake. Mwaka jana Bi Mkunga alijaribu kwenda mwenyewe. Gari likamfia kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, mahali ambapo kwa gari la umeme ni kama kufa kwa kiu kando ya duka la viatu. Mwalimu alikwenda kumvuta kwa kamba. Njia ya kurudi ilipita mbele ya shule, saa ya mapumziko. Wanafunzi mia tatu walijipanga kwenye uzio wakapiga makofi, na Bi Mkunga, akiwa nyuma kwenye usukani, akawapungia mkono kama rais. Mwalimu alipewa jina jipya siku hiyo, na halikuwa zuri.

Tangu hapo ile kamba haikutoka kwenye buti la gari lake. Na tangu hapo alisema mama aache kuendesha.

Kwa hiyo fundi alipoleta habari ya betri, familia ilikaa kikao. Fundi alikuwa amepata gari la aina ile ile, ila jipya zaidi, lililogongwa puani. Uso wake ulikuwa umekwisha, lakini betri ilikuwa tumboni na tumbo halikuguswa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, kisha akatoa sharti lake. Kwenda kwa mama mdogo na kurudi ni kilomita tisini. Jumapili atakuja kula mchana. Atawasha gari, atasoma dashibodi. Ikiandika tisini au zaidi, hatafungua tena mdomo. Ikiandika chini ya hapo, mama atampa funguo, na gari litauzwa vipande.

Bi Mkunga alikubali haraka, kama mtu anayejua kitu. Hakujua kitu.

Huyo fundi alikuwa mmoja wa watoto wake wa mikononi. Alizaliwa kwa kutanguliza miguu, kazi ya usiku kucha, na mpaka leo ukimtafuta gereji kitu cha kwanza unachokiona ni miguu yake imechomoza chini ya gari. Bi Mkunga alifika Jumatatu asubuhi na kiti chake cha kukunja, akakifungua mlangoni. Fundi akamwambia kazi hii ina umeme wa kuua, afadhali arudi nyumbani. Bi Mkunga akamjibu kwamba siku aliyozaliwa yeye, baba yake pia aliambiwa arudi nyumbani, akakaa, akazimia, ikabidi wahudumiwe wawili. Yeye hazimii. Fundi akamwonyesha mstari sakafuni akasema asiuvuke.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutofanya kazi. Fundi alivaa glavu nene za mpira hadi kwenye viwiko, akachomoa plagi moja ya rangi ya chungwa iliyofichwa kwenye sakafu ya gari, akaiweka mfukoni mwake, halafu akakaa kitako akatazama saa. Alieleza kwamba ukishakata umeme mkubwa hukimbilii. Unausubiri utulie kwenye nyaya. Bi Mkunga alimpenda kwa hilo. Fundi anayejua kusubiri ni nusu mkunga.

Kisha gari likapandishwa juu, nyaya za chungwa zikafunguliwa, nati moja baada ya nyingine ikalegea, na betri ya zamani ikashuka taratibu juu ya meza yenye magurudumu. Ilikuwa pana kama godoro la mtu mmoja na nzito kama ndoa mbaya. Fundi alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na masanduku mapana ya bati yamepangwa kama vitabu kwenye rafu, na baadhi yalikuwa yamevimba ubavuni. Akayagusa kwa kidole cha glavu. Haya ndiyo yaliyochoka, akasema, na yaliyochoka yanawachosha na wenzao.

Betri ya lile gari lililogongwa ilikuwa pembeni, imefutwa vumbi. Lakini kabla ya kuipandisha, fundi alifanya jambo ambalo Bi Mkunga hakulitegemea. Alichomoa kutoka kwenye betri ya zamani kibao kidogo, kama kiganja cha mkono, kilichojaa nyaya nyembamba, akakisafisha, akakipachika kwenye betri mpya.

"Hicho si cha zamani?" Bi Mkunga akauliza. "Unanipikia chakula kipya kwa mafuta ya jana?"

"Huo ndio ubongo wa betri, Bi Mkunga. Gari likiwashwa, kwanza linauuliza ubongo, wewe nani? Likijibiwa na sauti ngeni haliendi hata hatua moja. Kwa hiyo tunabadilisha mwili, ubongo unabaki."

"Mimi ungenifanyia kinyume. Mwili nimeuzoea, ubongo ndio unanipotezea miwani."

Fundi alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye kazi. Akamweleza lililobaki, akimtaka asikilize vizuri. Ubongo huu umeishi miaka na tumbo dogo. Umezoea njaa. Ukipewa tumbo kubwa leo, bado utahesabu kimaskini: ukila kidogo utasema nimeshiba, ukitumia kidogo utapiga kelele nimekwisha. Dawa ni moja. Ujaze gari, halafu uliendeshe mpaka namba zipotee kwenye dashibodi na vitokee vistari vitatu. Vikitokea usisimame. Endelea. Halafu ndipo ulijaze tena. Ubongo ukiona umeingia umeme mwingi kuliko tumbo zima la zamani, utashtuka, utahesabu upya.

"Na likizimika njiani?"

"Haliwezi kuzimika bila kobe." Kobe alikuwa picha ndogo inayowaka kwenye dashibodi gari linapokata roho kweli, Bi Mkunga alimjua, walikutana kwenye kituo cha mafuta. "Kobe hauulizi ubongo. Anapima nguvu ya umeme wenyewe. Vistari vinadanganya, kobe hadanganyi. Ukiviona vistari na kobe hayupo, wewe nenda tu."

Bi Mkunga alisema ameelewa. Wakunga wanajua sana kutoa maagizo. Katika kuyafuata ndiko wana shida.

Jumanne jioni gari lilirudi nyumbani, likachajiwa mpaka taa yake ikazimika yenyewe. Jumatano asubuhi Bi Mkunga alivaa miwani, akawasha. Dashibodi ikafikiri kidogo, ikaandika thelathini na sita.

Mbili zaidi. Betri yote ile, kilomita mbili.

Akajikumbusha maneno ya fundi, akatoka. Alizunguka mji kama mtu anayetafuta nyumba aliyoisahau. Namba ikashuka thelathini, ikashuka ishirini na tano, na ilipofika ishirini mkono wake wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ukawasha taa ya kukata kona ya nyumbani. Alilipeleka gari uani, akalichomeka. Alasiri akajaribu tena. Ishirini, kona, nyumbani, soketi. Alhamisi hivyo hivyo.

Si kwamba alikuwa mpumbavu. Mazoea yana taabu. Kwa miaka arobaini alilala na mkoba umefungwa, birika limejaa, viatu vimeelekea mlangoni, maana mtoto hapigi hodi mapema. Mkunga hakai na taa yenye mafuta nusu. Mkunga akirudi nyumbani, kabla ya kuvua kanga yake anajaza kila kilichopungua. Gari la umeme alilipata likamkuta na tabia hiyo, na hajawahi, isipokuwa siku ile ya kamba, kuliacha lishuke chini ya nusu kwa hiari yake. Na kadiri alivyolijaza kila dakika, ndivyo ule ubongo ulivyozidi kuamini kwamba tumbo ni dogo. Wazee wawili waoga, mmoja anamfundisha mwenzake woga.

Fundi alipiga simu Alhamisi kuuliza kama ameviona vistari. Bi Mkunga akamwuliza mama yake hajambo. Fundi akamwambia Jumapili si mbali.

Jioni ile ile alizungumza na Kitinda. Kitinda alikuwa amejikwaa kwenye kapeti. Hakuanguka, alisema, aliokolewa na kabati. Ila ukucha wa kidole gumba ulishika uzi, ukavuta, na sasa anavaa ndala mpaka kitandani. Alilisema kama kichekesho. Kisha katikati ya kichekesho akakiacha, akauliza gari limesemaje.

"Limesema thelathini na sita," Bi Mkunga akajibu.

"Basi si haba," Kitinda akasema. "Hiyo inakufikisha mlimani. Nitakupungia mkono."

Bi Mkunga hakulala vizuri, na asubuhi alijua sababu yake. Kuzunguka mjini hakufai, maana mjini kila kona inarudi nyumbani. Alihitaji barabara isiyo na kona.

Ijumaa Mwalimu alipiga simu kabla ya kengele ya shule, kama kawaida, kuuliza ameamkaje. Mama akamwambia magoti yanamsumbua, leo hatoki, atashinda kitandani. Mwalimu akamwambia pole, apumzike. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Mkunga siku hiyo ilikuwa kilomita arobaini na tano, na mlima katikati.

Aliuchemsha mkasi, akaukunja ndani ya kitambaa safi. Akapakia waya wa kuchajia, chupa ya maji, na kiti cha kukunja, maana ukikwama si lazima ukwame umesimama. Saa tatu alitoka. Thelathini na sita.

Kilomita kumi za kwanza zilikuwa za mji, nazo alizijua kwa mashimo yake. Baada ya kiwanda cha matofali nyumba zikaisha. Namba ikawa ishirini na mbili, na mkono wake wa kushoto ukaanza safari yake ya kwenda kwenye taa ya kona. Akaukalia. Kweli kabisa, aliuweka chini ya paja akaendesha kwa mkono mmoja, akijiambia kwamba ataurudisha ukishajifunza adabu. Kwenye daraja dogo namba ilikuwa kumi na nne, na nyumbani kulikuwa kilomita kumi na tisa nyuma. Akautoa mkono. Haukuwa na pa kwenda tena.

Namba zikashuka kama watu wanaotoka kwenye mkutano: kwanza mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja. Kumi. Nane. Kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, tano. Yule muuza mafuta wa mwaka jana alikuwa kwenye kibanda chake na alilikumbuka gari. Alisogea barabarani, akapaza sauti kumwuliza leo kamba ameiacha wapi. Bi Mkunga alipiga honi bila kupunguza mwendo, na kama honi inaweza kutukana, ilimtukana.

Mlima ulianza. Nne. Tatu. Kisha namba ikapepesa macho mara mbili, ikapotea, na mahali pake vikakaa vistari vitatu vidogo, sawasawa, vimenyamaza.

Bi Mkunga akaukamata usukani kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa sahihi: namba ni namba. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde, na nyuma lori la mchanga linalonguruma. Alimtafuta kobe kwenye kona ya dashibodi. Kobe hakuwepo. Akatazama barabara, akarudi kutazama. Hakuwepo.

Na hapo, kwenye kona ya pili ya mlima, likamjia jambo ambalo alilijua maisha yake yote na hakuwahi kufikiri linahusu magari. Kila mwanamke aliyemzalisha ilifika saa akasema siwezi tena. Nimekwisha, Bi Mkunga, nguvu zimekwisha, niache. Wenye vifua vipana walisema, wembamba walisema, hata mama yake fundi alisema, tena kwa matusi. Na yeye hakuwahi kumwamini hata mmoja. Aliposikia siwezi tena alikunja mikono ya blauzi, maana alijua kazi imekaribia kuisha. Mtu haijui akiba yake mpaka afike mahali anapodhani hana. Jungu kuu halikosi ukoko.

"Haya, mama," akaliambia gari, kwa ile sauti ya zamani ambayo hakuwa ameitumia miaka sita. "Nimekusikia. Umechoka. Sasa tuendelee."

Gari likaendelea. Halikuongeza mwendo wala halikupunguza. Lilipanda kama lilivyopanda siku lilipokuwa jipya, kimya, kwa adabu, na lile lori la mchanga likabaki nyuma likikohoa kwenye kona. Kona ya tano. Ya sita. Bi Mkunga aliongea njia nzima, pumua hivi, taratibu, si kwa haraka, na kama mtu angekuwa kwenye kiti cha abiria angeomba kushuka. Kileleni upepo uliingia dirishani na bonde la upande wa pili likafunguka, mashamba na mapaa ya bati yakimetameta. Vistari vilikuwa vile vile vitatu. Kobe hakuwepo. Akacheka peke yake mpaka miwani ikateleza.

Kitinda alikuwa amekaa uani, fimbo magotini. Gari lile halina sauti, kwa hiyo aliliona kabla ya kulisikia, na alichofanya ni kulitazama tu, kama mtu anayesubiri lipite. Halikupita.

Alijaribu kusimama haraka, nyonga ikamkumbusha, akakaa. Bi Mkunga alishuka akaja akasimama mbele yake. Kitinda akamkagua kuanzia viatu hadi miwani.

"Umezeeka," Kitinda akasema mwishowe.

"Ni wewe umekaa chini. Kutoka huko kila mtu anaonekana mzee."

Waya wa kuchajia ulipitishwa kwenye dirisha la jikoni mpaka soketi ya birika, kwa hiyo chai ilibidi isubiri gari lipate tonge lake la kwanza. Bi Mkunga alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, akaiweka miguu ya mdogo wake mapajani. Kitinda alitazama pembeni. Akasema imekuwa miguu ya mzee. Bi Mkunga akasema ni miguu ile ile aliyoiosha tope alipokuwa na miaka minne na mama yuko shambani, ila sasa haimpigi mateke. Akaufungua mkasi kutoka kwenye kitambaa. Alikata pole pole, ukucha mmoja baada ya mwingine, na ule wa kidole gumba uliojeruhiwa aliuzunguka kama anazunguka kitovu. Hawakuongea sana. Alipofika kwenye mguu wa pili, Kitinda alikuwa amefumba macho, na machozi mawili matatu yalimtoka bila kelele. Bi Mkunga hakuyaona, maana alikuwa ameamua kutoyaona.

Baadaye walikunywa chai, wakasengenya walio hai na kuwasamehe waliokufa, na kila baada ya muda mmoja wao alikwenda kuchungulia gari kama mtu anayechungulia mkate kwenye oveni. Kwanza kumi na tano. Halafu thelathini na moja. Saa saba ilisimama kwenye thelathini na sita, ikakaa, ikakaa, na Bi Mkunga alianza kutafuta maneno ya kumwambia Mwalimu siku ya Jumapili. Dakika kumi. Dakika ishirini. Umeme unaingia, namba haiendi. Kisha, bila kuaga mtu, ikaandika arobaini na nane.

"Limeshtuka," Bi Mkunga akasema.

"Nani?"

"Ubongo. Umegundua kuna vyumba vingine ndani ya nyumba."

Kutoka hapo ilikuwa shangwe. Hamsini na tano. Sabini. Kitinda aliburuta kiti chake mpaka ubavuni mwa gari, akawa anasoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Saa kumi kasoro ilikuwa themanini na nane, na saa kumi kamili ikaandika tisini na moja. Kitinda alipiga fimbo yake chini, na Bi Mkunga, magoti yake yakiwa mazima kama ya kijana, akacheza hatua mbili tatu kuzunguka beseni.

Simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu.

Bi Mkunga alimfanyia mdogo wake ishara anyamaze, akasafisha koo, akaivuta sauti yake mpaka ikawa ya mtu aliyelala.

"Mama, shikamoo. Magoti vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Ah, ndiyo hivyo hivyo. Niko hapa nimejilaza."

"Kitandani?"

"Kitandani. Tangu asubuhi sijainua hata kichwa."

Kitinda alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, na sauti ikamtoroka puani.

"Nani huyo anacheka?" Mwalimu akauliza.

"Ni redio, mwanangu. Kuna kipindi cha vichekesho."

Bi Mkunga akasikia upepo kwenye simu, na gari likipita. Na lile gari, akalisikia pia kwa sikio lake la pili, likipita hapo barabarani.

"Sawa, mama," Mwalimu akasema. "Basi iambie hiyo redio ije inifungulie geti. Nilipita nyumbani kukuletea dawa ya kuchua, nikakuta hamna mama wala gari. Nimekutafuta kwenye kila kona ya mlima. Niko hapa nje, kamba mkono huu, dawa ya magoti mkono huu."